Dawa ya mgongo ndani ya ziwa: jinsi jua lilivyoimaliza diklofenaki Greifensee

Mwaka 1998 watafiti watatu wa kituo cha utafiti cha Wädenswil, Uswisi, yaani Buser, Poiger na Müller, walichapisha vipimo vya diklofenaki katika mito na maziwa ya nchi hiyo. Diklofenaki ni ile dawa ya maumivu ya mgongo na viungo inayouzwa karibu kila duka la dawa, kwa vidonge, sindano na jeli ya kupaka. Katika mito inayopokea maji kutoka mitambo ya kusafisha majitaka walikuta hadi nanogramu 370 kwa lita. Ndani ya Ziwa Greifensee, karibu na Zürich, kiasi kilikuwa nanogramu chache tu, kisichozidi 12 hivi. Zaidi ya asilimia 90 ya dawa iliyoingia ziwani haikutoka.

Kisa hiki kimetajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba jua husafisha maji. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Ukikifuatilia kwa hesabu, utaona kwamba jua lilihitaji msaada wa kitu kingine ambacho Greifensee inacho kwa wingi na mito haina: muda. Utaona pia kwamba mata ogani iliyoyeyuka, yale mabaki ya majani, udongo na mwani yanayoyapa maji rangi ya kahawia, inaizuia kemikali moja isivunjike na kuivunja nyingine, katika ziwa hilohilo na siku hiyohiyo.

Ziwa na washukiwa wake

Greifensee lina eneo la kilomita za mraba 8.5 hivi. Kina kirefu kabisa ni mita 32, wastani ni kama 18. Maji hukaa humo zaidi kidogo ya mwaka mmoja kabla ya kutoka kwa mto Glatt. Lina mwani mwingi, na mata ogani iliyoyeyuka ni miligramu 3 hadi 4 za kaboni kwa lita. Wilaya inayolizunguka ina watu wengi, kwa hiyo maji yaliyopita kwenye mitambo ya majitaka ni sehemu kubwa ya yanayoingia.

Kemikali ikipotea ziwani, washukiwa ni wanne: imepaa hewani, imezama na tope, imeliwa na bakteria, au imevunjwa na mwanga. Diklofenaki ni asidi dhaifu yenye pKa (pH ambayo nusu ya molekuli zake huwa zimegeuka ioni) ya karibu 4.2. Katika maji ya ziwa yenye pH ya 8 karibu yote iko katika umbo la ioni hasi, na ioni haipai. Umbo hilohilo linaifanya ishikamane kidogo sana na tope. Bakteria walichunguzwa kwa njia rahisi: maji ya ziwa yaliongezwa dawa na kuwekwa gizani, na dawa ikabaki. Maji ya aina ileile yalipoanikwa juani, nusu ya dawa ilitoweka kwa muda usiofika saa moja.

Kinachotokea juani kinajulikana vizuri. Molekuli ya diklofenaki ina pete mbili, na moja ina atomu mbili za klorini. Ikifyonza fotoni hupoteza klorini moja, pete hizo mbili huungana, na inazaliwa asidi ya 8-klorokabazoli-1-asetiki. Zao hili huvunjika juani haraka kuliko mzazi wake, ndiyo maana halikukutwa likirundikana ziwani. Hapa Greifensee ilipata bahati ambayo si kila kemikali huipata. Triklosani, kiuavijidudu kilichowekwa miaka mingi kwenye sabuni na dawa za meno, ikivunjwa na jua hutoa kiasi fulani cha dioksini yenye klorini mbili, kemikali ya kundi linalojulikana kwa sumu. Kupungua kwa kemikali ya kwanza si ushahidi wa usalama mpaka mazao yake nayo yapimwe.

Saa moja inageukaje siku nane

Watafiti wengine, Tixier na wenzake, walilifuatilia ziwa hilo kwa miezi mitatu na kuchapisha mwaka 2003. Waliikuta diklofenaki ikipungua kwa nusu-maisha (muda wa nusu yake kutoweka) ya takriban siku 8, na mwanga ndiyo njia kuu iliyoiondoa. Sasa kuna namba mbili zinazogombana: chini ya saa moja kwenye chombo kilichoanikwa, siku 8 ziwani. Anayechukua namba ya kwanza na kuitumia kwa ziwa zima hukosea kwa zaidi ya mara mia.

Tofauti hiyo inatokana na kina na rangi ya maji. Mwanga wa jua unaofika ardhini huanzia karibu nanomita 295, na diklofenaki hufyonza mpaka kupita kidogo nanomita 320. Kwa hiyo kinachohitajika ni ule ukanda mwembamba wa urujuanimno katikati ya namba hizo mbili, na huo ndio mata ogani inaoupenda zaidi. Kiasi gani kinabaki? Kwa maji yanayochanganyika vizuri, kasi ya wastani hupatikana kwa kuzidisha kasi ya juu ya maji kwa kigezo hiki:

S = (1 − 10^(−αz)) ÷ (2.303 × α × z)

Hapa α ni ufyonzaji wa mwanga kwa kila mita katika urefu wa wimbi unaohusika, na z ni kina cha tabaka linalochanganyika. Kwa maji ya aina hii tuchukue α ya 5 kwa mita kwenye nanomita 310, na tabaka la juu la kiangazi lenye mita 5. Zao la α na z ni 25, na S inakuwa 1 ÷ 57.6, yaani 0.017. Nusu-maisha ya saa 1 juu ya maji inageuka saa 58 za jua la adhuhuri. Siku ya kiangazi ina mwanga wenye nguvu sawa na saa 6 hivi za adhuhuri. Gawanya: siku 10 kasoro kidogo. Si mbaya kwa hesabu ya haraka ya kalamu na karatasi, ingawa kukaribiana huko na zile siku 8 kuna bahati ndani yake; badilisha α kuwa 4 au 7 na jibu linasogea kwa uwiano uleule.

Tazama kitu kingine kwenye kanuni hiyo. αz ikizidi 2 hivi, sehemu ya juu ya kanuni huwa 1 tu, na S hubaki ikipungua sambamba na α. Kwa maneno mengine, ongeza mata ogani mara mbili na kasi ya kuvunjika kwa diklofenaki inashuka kwa nusu. Kwa dawa hii rangi ya kahawia ni kivuli.

Kisha muda unaingia. Katika ziwa lililochanganyika, sehemu ya kemikali inayobaki ni 1 ÷ (1 + kτ), ambapo k ni kasi kwa siku na τ ni siku ambazo maji hukaa. Nusu-maisha ya siku 8 ni k ya 0.087. Kwa τ ya siku 400, kτ ni 35 hivi, na kinachobaki ni 1 ÷ 36, chini ya asilimia 3. Chukua ile 370 kama kiingilio na unapata nanogramu 10 kwa lita, ndani ya kile kilichopimwa. Ni makadirio ya juujuu, kwa sababu 370 ni kilele cha vipimo na siku 8 si namba ya mwaka mzima. Desemba jua la adhuhuri huko hupanda digrii 19 tu juu ya upeo, urujuanimno unapita kwenye hewa nene, na maji yanachanganyika hadi chini badala ya kukaa mita 5 za juu. Kazi ya jua wakati huo inashuka sana, na ni maji yaliyohifadhiwa tangu kiangazi yanayozuia kiwango cha ziwa kisipande kwa kasi.

Weka karbamazepini, dawa ya kifafa, kwenye kanuni ileile. Katika utafiti wa 2003 nusu-maisha yake ziwani ilikuwa takriban siku 63. kτ inakuwa 4.4, na karibu asilimia 18 inabaki hata baada ya siku 400. Ndiyo maana karbamazepini hutumiwa kama alama ya kufuatilia majitaka: inavumilia.

Mata ogani inapogeuka msaidizi

Hadi hapa mata ogani imekuwa mzuiaji. Lakini mwanga inaoufyonza haupotei wote kama joto. Sehemu yake huiinua molekuli ya mata ogani hadi hali ya tripleti, hali ya msisimko yenye nguvu za kutosha kung'oa elektroni kwenye kemikali jirani au kuikabidhi oksijeni iliyoyeyuka nguvu hizo. Oksijeni iliyopokea inakuwa oksijeni ya singileti, mjumbe wa pili baada ya tripleti. Huishi maikrosekunde 4 hivi majini, na kwa muda huo husafiri nanomita mia moja na kidogo. Mjumbe wa tatu ni radikali ya haidroksili, kipande cha molekuli chenye njaa ya elektroni, inayotoka kwa nitrati, nitriti na mata ogani yenyewe.

Zote tatu ni haba. Juani, karibu na uso wa maji, tripleti na oksijeni ya singileti hukaa katika kiwango cha 10⁻¹⁴ hadi 10⁻¹² molari (mola kwa lita), radikali ya haidroksili karibu 10⁻¹⁶ au pungufu. Kipimo cha oksijeni ya singileti kwa kutumia alkoholi ya furfurili kilifanywa na Haag na Hoigné miaka ya 1980 huko Dübendorf, mwendo mfupi kutoka ziwa hilohilo.

Je, hizi zinaisaidia diklofenaki? Radikali ya haidroksili huigonga kwa kasi ya karibu 7.5 × 10⁹ kwa molari kwa sekunde. Zidisha kwa 10⁻¹⁶ na nusu-maisha ni saa 257 za jua la adhuhuri, zaidi ya siku 40 ukihesabu saa 6 kwa siku. Kando ya dawa inayojivunja yenyewe kwa saa moja, mchango huo ni wa kupuuzwa. Kwa ibuprofeni ni habari nyingine. Haifyonzi kabisa mwanga wa jua, kwa hiyo mwanga ukitaka kuigusa lazima upitie kwa hawa wajumbe, na mwendo ni wa polepole.

Mfano mzuri wa upande wa pili ni isoproturoni na diuroni, dawa za kuua magugu za kundi la fenilurea. Gerecke, Canonica na wenzao walizichunguza Greifensee na kuchapisha mwaka 2001. Zenyewe hazivunjwi kwa urahisi na jua, ila tripleti za mata ogani huzishambulia, isoproturoni haraka kuliko diuroni. Hapa hesabu ya kina inabadilika sura. Mata ogani hufyonza pia mwanga wa nanomita 350 na 400, unaozama ndani zaidi kuliko ule wa 310. Na katika safu ya maji yenye kina cha kutosha, karibu mwanga wote unafyonzwa na kutoa tripleti mahali fulani kati ya juu na chini. Kuongeza mata ogani hakuongezi jumla ya tripleti. Kunazisogeza juu tu. Kwa hiyo kasi ya wastani haipandi wala haishuki sana. Katika maji ya kina cha sentimita 20, mata ogani ikizidi, kasi inapanda.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Mata ogani ina fenoli zake, na fenoli ni vizuia-oksidisho, yaani hukabidhi elektroni kwa urahisi. Tripleti ikiing'oa elektroni anilini au dawa ya salfonamidi (aina ya antibiotiki), molekuli iliyopungukiwa inaweza kurudishiwa elektroni na fenoli hizo kabla haijavunjika. Canonica na Laubscher walionyesha hilo mwaka 2008. Kwa makundi haya mata ogani inashambulia kwa mkono mmoja na kutibu kwa mwingine, na kipimo cha tripleti peke yake kitakupa kasi kubwa kuliko ukweli.

Jaribio linavyoharibika

Mtu anayetaka kurudia kipimo cha aina hii na maji ya kwao ana mambo kadhaa ya kuangalia, na mengi huharibika kabla hata jua halijachomoza.

Chombo ndicho cha kwanza. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ile ya PET, huzuia karibu mwanga wote ulio chini ya nanomita 315 hivi. Kioo cha dirisha nacho si bora. Ukiianika diklofenaki humo, sehemu kubwa ya ukanda unaoivunja umeikata, na utaandika kwamba dawa ni ngumu. Tumia mirija ya kwatzi yenye kipenyo kidogo, sentimita 1 hadi 1.5, iliyolazwa kwa mshazari kuelekea jua. Kama kwatzi haipatikani, kioo cha borosilikati chenye ukuta mwembamba kinavumilika, mradi aktinometa iwekwe kwenye mirija ya aina ileile.

Aktinometa ni kemikali ambayo kasi yake ya kuvunjika juani inajulikana; mchanganyiko wa p-nitroanisoli na piridini ndio unaotumika zaidi. Bila hiyo, "saa tatu za jua" hazina maana. Wingu moja linapita na kipimo chako hakilingani tena na cha mwenzako.

Kiasi cha dawa cha kuanzia kisizidi mikromola 1 kwa lita. Wanaotumia miligramu 10 au 20 kwa lita ili mashine ya kawaida iweze kusoma huona maji yakigeuka njano na kisha kahawia: mazao ya diklofenaki yanaungana na kuanza kukinga mwanga wenyewe. Grafu inayopaswa kuwa mstari mnyoofu kwenye mizani ya logi inapinda, na mtu anaanza kutafuta maelezo ya kina ya kitu kisichokuwepo ziwani.

Kisha kiyeyushi. Dawa huyeyushwa kwanza kwenye methanoli, halafu mililita 1 inatiwa kwenye lita ya maji. Inaonekana haba. Mililita hiyo ni milimola 25, na methanoli hunasa radikali za haidroksili kwa kasi ya 9.7 × 10⁸, yaani 2.4 × 10⁷ kwa sekunde. Mata ogani ya miligramu 3.5 za kaboni pamoja na bikaboneti ya milimola 4 hunasa kwa jumla ya karibu 1.2 × 10⁵. Methanoli imewazidi mara 200, na radikali zote zimekwisha kabla ya kuifikia kemikali unayoipima. Kwa diklofenaki huoni tofauti. Kwa ibuprofeni umelifuta jaribio. Kausha kiyeyushi kwenye chupa tupu, tia maji, tikisa.

Azidi ya sodiamu, inayopendwa kwa kuua bakteria, huzima oksijeni ya singileti. Kuchemsha maji kwa shinikizo hubadili mata ogani. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.2 na ufanye kazi ndani ya siku moja au mbili. Mirija ya giza, ile ya kulinganisha, ifungwe kwa karatasi ya alumini na ilazwe pembeni ya ile ya jua ndani ya maji ya joto lilelile. Kuiacha kabatini si ulinganisho wa haki.

Hatimaye, mrija wa sentimita moja hauna kivuli cha mita tano. Kasi unayoipata ni ya uso wa maji. Pima α ya maji yako kwa spektrofotometa, kifaa cha kupima ufyonzaji wa mwanga, na uipitishe kwenye S kabla ya kusema lolote kuhusu ziwa au bwawa.

Hesabu hiyohiyo kwenye mabwawa ya majitaka

Miji mingi ya Afrika Mashariki husafisha majitaka kwa mabwawa; Nairobi ina yale makubwa ya Ruai. Hoja inayosikika ni kwamba jua letu ni kali, basi dawa zitamalizika zenyewe. Jua kweli ni kali: Nairobi adhuhuri haliteremki chini ya digrii 65 hivi mwaka mzima, kiwango ambacho Zürich hukiona Juni tu.

Sasa chukua bwawa la mwisho, lenye kina cha mita 1.2, maji ya kijani kwa mwani, α ya 25 kwa mita. αz ni 30 na S ni 1 ÷ 69. Bwawa la kina kifupi limekuwa jeusi kwa urujuanimno kuliko mita 5 za Greifensee. Hata tukilipa saa 7 za adhuhuri kwa siku, nusu-maisha ni kama siku 10, na maji hukaa kwenye bwawa kama hilo siku 5 tu. kτ ni 0.35, robo tatu ya diklofenaki inatoka. Mabwawa matatu yakifuatana, asilimia 40 bado inatoka. Kinachosaidia hapa ni kuondoa mwani, au kupunguza kina cha bwawa la mwisho huku eneo likiongezwa ili muda usipungue, maana S inategemea zao la αz. Kupunguza kina bila kuongeza eneo hakufanyi lolote: kasi inapanda, lakini muda unapungua kwa uwiano uleule.

Waswisi nao hawakuliachia jua kazi. Maji ya mtambo wa majitaka wa Neugut, Dübendorf, huishia kwenye Glatt, chini ya ziwa, ambako hakuna siku 400 za kusubiri. Mwaka 2014 mtambo huo ulianza kutumia ozoni kwa maji yote yanayopita, na tangu 2016 sheria ya nchi inaitaka mitambo iliyoteuliwa iondoe asilimia 80 ya kemikali za aina hii, kwa ozoni au kaboni amilifu. Diklofenaki na karbamazepini zote mbili zimo kwenye orodha ya kemikali 12 zinazopimwa kuthibitisha hilo. Ozoni huzigonga hizo mbili kwa sekunde, pamoja na ile ambayo jua la ziwa zima lilishindwa kuimaliza kwa mwaka.